Ondoa Mashitaka Kabla Jua Halijatua

Unamjua! Unajua jina lake, unajua nyumba ya mama yake, unajua siku aliyokamatwa. Ulikuwepo. Pengine ni wewe uliyewaonyesha polisi mlango.

Yuko ndani bado. Wakati unasoma maneno haya, yuko ndani. Jana alilala ndani, juzi alilala ndani, na usiku wa leo utamkuta palepale usipoamka ukaenda.

Usiniambie hujui. Kolwezi si mji wa kufichana. Kutoka Kapata hadi Kasulo, kutoka Musonoi hadi Manika, kila mtaa una kijana wake aliyepitia kasho la polisi, na kila kanisa lina mama anayekaa benchi la nyuma kwa sababu mwanawe yuko buloko na anaona haya kusalimiwa. Gereza la Dilala liko hapa hapa mjini. Tunalipita tukienda sokoni, tunalipita tukienda msibani, tunalipita tukienda kusali!

Nakuandikia wewe uliyeshitaki. Nakuandikia wewe uliyetoa makuta ili mwenzako akamatwe. Nakuandikia wewe uliyesema, "Akae kidogo apate akili," ukarudi nyumbani, ukala bukari yako, ukalala usingizi.

Kidogo hicho kimefika wapi? Hesabu!

Hesabu kwa vidole, ndugu yangu. Katiba ya nchi yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17 inaweka uhuru wa mtu mbele, na kumfunga inakuhesabu kuwa jambo la nadra. Kifungu cha 18 kinampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoisikia, na haki ya kuwaita ndugu zake au avoka wake. Na kasho limewekewa mwisho: saa 48. Zikiisha, mtu aachiliwe, au apelekwe mbele ya mwenye mamlaka ya kisheria. Saa 48! Siku mbili tu.

Wa kwako amekaa saa ngapi?

Nakuuliza kwa sababu na mimi niliulizwa, nikakosa jibu.

Nilikuwa na pikipiki. Nilimkabidhi kijana wa mtaani kwetu aendeshe teksi, aniletee verseman, malipo ya siku, kila jioni. Miezi mitatu alileta. Kisha akaanza kuleta nusu, kisha akaanza kuleta maneno, kisha pikipiki ikalala kwa fundi na pesa hazikuonekana tena. Nikakasirika. Sikwenda kwa mjomba wake, sikwenda kwa mchungaji wetu, sikwenda hata kwa yule fundi kuuliza injini imekufa nini. Nilikwenda kuandika mashitaka! Nikatoa makuta ya karatasi. Nikatoa makuta ya mafuta ya gari la kumfuata. Wakamleta na kandambili moja mguuni, ya pili ilibaki njiani, nami nikajisemea moyoni kwamba haki imetendeka.

Karatasi iliandikwa: kuvunja uaminifu. Basi! Kwa kalamu moja deni la pikipiki likageuka kosa la jinai. Neno hilo lilimtoa kasho likampeleka parke, kwa mwendesha mashitaka, likamtoa parke likampeleka gerezani, nami sikutambua kwamba nimefunga mlango ambao ufunguo wake sina.

Nilisema siku tatu. Biashara ikanishika. Mvua ikanishika. Msiba wa Likasi ukanishika. Siku niliyokwenda kumwona, majuma saba yalikuwa yamepita.

Nilisimama kwenye wavu. Wakaita jina lake. Akaja mtu nisiyemjua. Nasema kweli mbele ya Mungu, mtoto aliyekuwa akila mezani kwangu sikumjua! Upele ulikuwa umejaa katikati ya vidole, shingo imekuwa ya mzee, suruali ameifunga kwa uzi uliochomolewa kwenye gunia la mahindi. Hakunitukana. Hakulia. Kabla hajanitazama usoni alitazama mfuko niliokuwa nimeushika, akauliza, "Baba, ni mkate?"

Zilikuwa karatasi. Nilikuwa nimekuja na karatasi ya deni ili aitie sahihi.

Nyuma yake mtu alipita na sahani ya vungule, yale mahindi na maharagwe yanayochemshwa pamoja, na macho ya kijana yaliifuata sahani ile mpaka ikapotea gizani. Hapo magoti yangu yaliisha nguvu.

Na deni? Lilikuwa palepale! Mtu aliye ndani halipi. Haendeshi, hachimbi, hauzi. Mama yake aliuza godoro, aliuza sufuria, akakopa kwa jirani, apate kumlipia mwanawe mahali pa kunyosha miguu, na dawa, na hata ruhusa ya kumwona kwa dakika chache. Makuta ambayo yangenilipa mimi yaliliwa na mlango wa chuma. Nilimkomoa nani? Nilipata nini? Nilirudi nyumbani na nini mkononi?

Unaijua hadithi hii. Badilisha pikipiki uweke simu, weka pampu ya maji, weka gunia la kobalti, weka kodi ya nyumba ya miezi miwili. Ni hadithi yako.

Na hatuko peke yetu katika kufunga: watu huuliza kwa nini nchi nyingine zinajaza magereza yake. Tazama Marekani: karibu watu milioni 1.9 wako nyuma ya vyuma, kwa vifungo vya miaka mingi, kwa vita vyao vya dawa za kulevya, kwa dhamana ambazo tajiri analipa na maskini anabaki ndani. Tazama El Salvador: tangu Machi 2022 wametangaza hali ya hatari, wamewakamata zaidi ya watu 80,000, na sasa hakuna nchi duniani inayofunga sehemu kubwa kuliko hiyo ya watu wake. Tazama jirani zetu wa Rwanda: baada ya mauaji ya 1994 watu zaidi ya 100,000 walisongamana magerezani, na kwa mwendo wa mahakama za kawaida wangezeekea humo, mpaka wenyewe wakaketi kwenye nyasi, wakaita kesi mbele ya majirani, karibu kesi milioni 2, hadi mahakama hizo za gacaca zilipofungwa mwaka 2012. Kila nchi hapo ilikuwa na hofu yake na hasira yake.

Na sisi? Ukihesabu vichwa, Kongo haifungi watu wengi kama hao. Usifurahi! Uliza kwanza ni nani tunaowafunga. Duniani kote, kati ya wafungwa kumi, karibu watatu ndio wanaongoja hukumu. Katika Kongo wanaongoja ni zaidi ya theluthi mbili! Hakuna jaji aliyewaambia wana kosa. Hakuna aliyewaambia hawana. Wako ndani kwa sababu mtu alishitaki, mtu mwingine akaandika, na baada ya hapo hakuna aliyerudi.

Hakuna aliyerudi! Nenda uliza kwenye lango lolote la gereza nchini, kuanzia Dilala, na Buluo, na Kasapa, mpaka Makala. Neno utakaloambiwa ni hilo.

Utasema, ni kosa la Serikali. Ndiyo, ni kosa la Serikali! Sheria ya mwenendo wa jinai, ile ya tarehe 6 Agosti 1959 pamoja na marekebisho yake, inasema wazi kwamba kumweka mtu ndani kabla ya hukumu ni jambo la pekee. Jaji akikubali, ni siku 15. Kisha mwezi. Kisha mwezi tena, na kila mwezi jaji aangalie upya kama kuna sababu. Nani anaangalia upya? Majaji ni wachache, gari la kuwapeleka wafungwa mahakamani halina mafuta, majistra amehamishwa na kabati lake limebaki limefungwa. Dosie imelala chini ya dosie. Yote hayo nayajua, na waliopewa kazi hiyo watayajibu.

Lakini dosie haijizai. Ukurasa wa kwanza una jina. Fungua usome: ni jina lako!

Unamkumbuka yule mtumwa aliyesamehewa na bwana wake deni ambalo asingeweza kulilipa maisha yake yote? Alitoka mlangoni hapo hapo, akakutana na mwenzake mwenye deni lake la mshahara wa siku mia, akamkaba koo, akamtupa kifungoni. Hadithi hiyo umeisikia tangu katekisimu. Umeihubiri. Umeitikia amina. Ulidhani inamhusu nani?

Njoo usimame nami Kingamyambo, hapa Kolwezi. Tazama ule mchanga. Miaka na miaka Union Minière, na baada yake Gécamines, walisaga mawe, wakatoa shaba, wakamwaga mabaki hapa na kando ya mto Musonoi, wakayaita takataka. Siku walipoyapima upya wakakuta zaidi ya tani milioni 100, na shaba imo, na kobalti imo! Takataka ikawa dhahabu. Wakubwa wakaanza kugombana. Mwaka 2009 Serikali ikavunja mkataba wa mchanga huo, makampuni yakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, wanasheria wakapanda ndege.

Yaliishaje? Yaliisha mezani! Januari 2012 ugomvi ule, pamoja na mingine iliyofungamana nao, ulimalizwa kwa mapatano ya dola bilioni 1.25. Bilioni! Watu waliketi, wakasikilizana, wakatia sahihi, wakaagana. Na pikipiki yangu moja, yenye injini iliyokufa, mimi niliikatia kesi kwa pingu.

Ona tulivyo! Deni la mkubwa lina meza, lina viti, lina tarehe ya kulipa. Deni la mdogo lina kasho. Nani aliyetufundisha hivyo? Kwa nini jirani yako hakupewa hata kiti cha plastiki, hata mjomba wa kusimama katikati, hata juma moja la kutafuta?

Na wewe uliye kwenye mzani, unayenunua magunia jioni bila kuuliza yanatoka wapi, usigeuze ukurasa. Unajua vijana wetu wanaingia wapi usiku. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inamruhusu mchimbaji wa mkono achimbe katika maeneo yaliyotengwa tu, na huku kwetu maeneo hayo ni machache, udongo karibu wote umekwisha kupata wenyewe kwenye karatasi. Tarehe 27 Juni 2019 ukingo wa shimo la madini la KOV uliwaangukia, wakafa zaidi ya 40. Wakaletwa wanajeshi. Wakaongezwa walinzi. Wakaongezeka waliokamatwa. Sisemi kuingia kwenye kiwanja cha mwingine ni haki. Nasema gunia lake ulilinunua wewe, faida uliila wewe, na alipokamatwa ulisema humjui. Jogoo aliwika mara ngapi?

Wazee wangu, nyinyi mnayo kumbukumbu kuliko sisi. Mnajua nani alitufundisha kifungo. Aliyekosa makuta ya kodi alifungwa. Aliyeacha shamba la pamba alifungwa. Aliyetoroka kazi ya mzungu alifungwa. Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka 1921, akaletwa huku Katanga, mbali na mke wake, mbali na watoto wake, mbali na Nkamba yake, akakaa kifungoni miaka 30, mpaka alipofia Élisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Patrice Lumumba, Januari 1960, aliletwa gerezani Jadotville, hiyo Likasi ya leo, na siku chache baadaye wakamtoa wakampeleka kwenye mkutano wa Bruxelles, maana bila yeye meza ilikuwa haina maana. Tunawaimba. Tunawavalisha vitambaa. Tunawapa majina ya barabara.

Kisha tunatoka kwenye sherehe ya tarehe 30 Juni, tunapita parke kuuliza kama yule kijana amekwisha kupelekwa gerezani!

Majengo waliyotuachia wakoloni tuliyachukua, na funguo tukazichukua.

Sasa wewe unayeshika kalamu. Nakuita kwa heshima, baba, mama, maana na wewe una watoto na mshahara wako najua unavyokuja. Kitabu cha kasho kiko mezani kwako. Kuna jina la saa ya 50, kuna jina la juma la pili, kuna jina ambalo hata wino wake umefifia. Mbona umelipita? Unangoja ndugu zake walete nini? Amendi isiyo na risiti, dhamana isiyo na stakabadhi, matabishi ya kuitafuta dosie ambayo iko chini ya kiwiko chako! Ndiyo, hata mimi nilitoa makuta hayo, na dhambi ile tuligawana. Basi tuitubu pamoja. Litafute jina lile. Uliite leo. Lifute leo, au lipeleke kwa jaji leo.

Usiseme mambo haya ni madogo. Madogo hayo yanaua!

Makala ya Kinshasa ilijengwa kwa watu 1,500. Iliwabeba zaidi ya 12,000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 watu walijaribu kutoka, na kwa hesabu ya Serikali yenyewe walikufa 129: 24 kati yao kwa risasi, waliobaki walikanyagana, wakabanana, wakakosa pumzi. Wanawake waliokuwa humo walibakwa. Miaka minne nyuma yake, Septemba 2020, Kasapa yetu ya Lubumbashi: fujo, moto, na siku tatu ambazo wanawake waliachwa mikononi mwa wabakaji bila mlinzi wa kuingia. Goma, Januari 2025, vita vikiingia mjini: mlango wa Munzenze ulivunjwa, wanaume wakakimbia, na wanawake zaidi ya 100 walibakwa, wengi wao moto ukawakuta ndani.

Uliza, wangapi kati yao walikuwa wamehukumiwa? Wangapi walikuwa humo kwa simu, kwa deni, kwa ugomvi wa maji? Wangapi walikuwa na mshitaki mahali fulani mjini, mwenye moyo uliokwisha kupoa, mwenye nia ya kwenda kuondoa mashitaka juma lijalo?

Juma lijalo! Mungu wangu, juma lijalo lake halikufika.

Mwaka ule ule wa 2024 waziri wa sheria aliamuru wafungwa watolewe Makala mamia kwa mamia, wagonjwa wakiwemo. Tulipiga makofi, na ilistahili. Julai 2019 Rais Magufuli wa Tanzania aliingia Butimba, gereza la Mwanza, akawasikiliza mahabusu wakisema wenyewe, na siku chache baadaye wengi wakarudi kwao. Nawashukuru wote waliofungua. Lakini mlango wa mbele ukitoa mia, na sisi kwenye mlango wa nyuma tukiingiza mia na ishirini, tumefanya nini? Nyumba inavuja mvua, unateka maji kwa ndoo, na juu ya paa ni wewe mwenyewe umeshika nyundo unatoboa!

Acha nyundo. Shuka!

Nasikia udhuru wako, maana niliutumia wote. "Nikimtoa, watu wataniona mjinga." Watu wamekwisha kukuona, na mama yake anakuona kila asubuhi kwenye foleni ya maji. "Nikimtoa, sitalipwa." Hujalipwa sasa! "Alinikosea kweli." Ndiyo, alikukosea. Andikishianeni. Kateni verseman ndogo ndogo. Wakae wajomba, wakae wazee wa mtaa, akae mchungaji. Aliyeua, aliyebaka, aliyevamia nyumba ya watu kwa bunduki, huyo jaji amwite, amhukumu, na afanye haraka, kwa ajili yake na kwa ajili ya aliyeumizwa. Mimi nasema juu ya wako wewe. Unajua vizuri kwamba wako hakuua mtu.

"Ninasali kwa ajili yake." Amina, na baada ya amina vaa viatu! Yule mnyweshaji wa Farao hakuwa mtu mbaya. Yosefu alimtafsiria ndoto, akamwomba neno moja tu: ukitoka, unitaje. Akatoka, akarudi kwenye kazi yake nzuri, akasahau. Miaka miwili mizima! Hakumpiga Yosefu, hakumchukia, hakumsingizia. Alisahau tu, na usahaulifu wake ukawa kifungo cha mwenzake.

Makanisa ya Kolwezi, mna kwaya tatu tatu, mna vyombo vya muziki, mna mikesha. Kesheni Ijumaa, na Jumamosi nendeni gerezani! Msiende na gitaa peke yake. Nendeni na sabuni, na dawa ya upele, na unga, na mtu mmoja anayejua kusoma karatasi za mahakama. Mwulizeni kila mmoja: uliingia lini, nani alikushitaki, jaji amekuona mara ngapi? Andikeni majina. Kisha Jumapili, kabla ya sadaka, msimame muulize kama mshitaki yuko humu ndani. Atakuwepo. Nawaambia, atakuwepo, na huenda ndiye anayepita na kikapu.

Bwana tunayemwita alijihesabu mwenyewe pamoja na walio kifungoni. Tunamtafuta wapi kila Jumapili?

Mimi nilipotoka kwenye ule wavu nilikwenda moja kwa moja kuandika kwamba ninaondoa mashitaka. Karatasi moja, mistari minne. Nikadhani atatoka jioni ile. Nikanunua na mkate. Alitoka baada ya siku 11! Mwandishi hayupo, sahihi haijapatikana, muhuri uko kwenye ofisi nyingine, rudi kesho, rudi Jumatatu. Siku 11 nilikuwa nimekwisha kusamehe na yeye bado anakula vungule. Usiku wa tano alipata homa. Nilikaa nyumbani nikijua kwamba kama homa ile ingemchukua, mikono iliyofunga mlango ni hii hii inayoandika.

Ndiyo maana napiga kelele! Ukienda Ijumaa mchana, atalala Ijumaa, atalala Jumamosi, atalala Jumapili. Ukingoja mwisho wa mwezi, mwezi utakwisha na majistra atakuwa likizo. Ukingoja akuombe radhi, atakuombaje, na simu yake ilichukuliwa siku ya kwanza?

Alipotoka alinikuta nje ya lango. Hakuniambia asante, na sikuwa nimestahili. Alikaa chini kwenye jiwe, akavua ile kandambili moja, akaitazama, akacheka kidogo, akaniuliza, "Baba, ile pikipiki fundi alisema nini?"

Sikujua. Karibu majuma tisa yalikuwa yamepita, na sikuwa nimewahi kwenda kumwuliza fundi.

Jua lingali juu. Ofisi hazijafungwa. Simama! Tafuta kalamu, andika jina lako, andika jina lake, andika kwamba unaondoa. Vaa viatu. Usipite kwa rafiki kuomba ushauri, usipite sokoni, usipite kwako kubadilisha shati. Pita kwa mama yake tu, umgongee mlango, umwambie afunge bukari kwenye kitambaa, mnakwenda pamoja.